Mtu Hana Bei
Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu siku ya Jubilii ya Dayosisi



Siku ya jubilii ni siku ya shukrani, nasi tumekwisha kumshukuru Mungu kwa nyimbo na kwa sala. Lakini katika Torati jubilii haikuwa nyimbo tu. Baragumu ilipopigwa katika mwaka wa hamsini, Waisraeli waliamriwa kuwarudishia wenyewe mashamba yao, na yule aliyejiuza kwa ndugu yake kwa ajili ya umaskini aliachiwa aende zake, yeye na watoto wake pamoja naye. Basi jina lenyewe la sikukuu yetu lina ndani yake habari ya mtu aliyewekewa bei, kisha akafunguliwa. Kwa hiyo tumeona yafaa leo tuseme nanyi juu ya haki za wanadamu. Wala si haki zote, maana siku haitoshi, bali ile moja iliyo kama mzizi wa nyingine zote, ndiyo hii: ya kwamba mtu hana bei.

Tuanze mahali tunapopajua. Pale Mkunazini, katika mji wa Unguja, palikuwa na soko la watu. Wasafiri waliofika zamani wameandika waliyoyaona: watu wamepangwa safu, dalali akiwatembeza na kuinadi bei yao, wanunuzi wakitazama meno, wakipapasa mikono na miguu, wakimwamuru mtu atembee ili wajue kama ana kilema. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia mkono katika mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yake. Hakufanya hivyo kwa kupenda. Waingereza walikuwa wametishia kuizuia bandari yake kwa manowari. Hata ilipofika Sikukuu ya Noeli ya mwaka ule ule, jiwe la msingi la Kanisa la Kristo likawekwa palipokuwa na soko. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wake, naye alipofariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Na inasimuliwa ya kwamba madhabahu yenyewe yasimama palipokuwa na nguzo ya kupigia watumwa mijeledi.

Habari hiyo twaipenda sana, nasi twawafundisha watoto wetu. Walakini tusiseme kwa haraka ya kwamba siku ile utumwa ulikwisha. Soko lilifungwa, lakini watumwa waliokuwa mashambani na majumbani walibaki watumwa. Ilikuwa tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammad alipotoa amri ya kwamba mahakama zisitambue tena utumwa. Hata hapo ilimpasa mtumwa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na fidia alipewa bwana, si mtumwa. Masuria hawakuingia katika sheria ya uhuru mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya sheria ilitoka mwaka 1907, na huku Tanganyika mwaka 1922. Hesabuni wenyewe: tangu soko kufungwa mpaka sheria ile ya Tanganyika ilipita miaka 49. Imekosa mmoja tu kutimia jubilii nzima.

Basi twauliza: wazo hili ya kwamba mtu hana bei lilitoka wapi, na kwa nini lilikawia hivi? Tutawaita mashahidi wanne: wenye hekima, sheria, kitabu, na sanamu. Tutaona ya kuwa kila mmoja wao alisema neno la kweli, na ya kuwa hakuna mmoja aliyeweza kuimaliza kazi peke yake.

Shahidi wa kwanza ni wenye hekima, wale waitwao wanafalsafa. Hawakuanza vema. Aristoteli wa Uyunani, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo kuzaliwa, aliandika ya kwamba wako watu waliozaliwa kuwa watumwa kwa asili yao. Neno hilo lilidumu muda mrefu kupita kiasi, kwa kuwa liliwafaa wenye mali. Lakini karibu na mwaka 380 Gregori, askofu wa Nisa katika nchi iitwayo leo Uturuki, alihubiri kinyume chake. Wengi kabla yake waliwaonya mabwana wawe na huruma. Yeye alipita hapo akapinga kumiliki mtu kwenyewe. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamu: ikiwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, ni nani awezaye kuutajia bei mfano huo, na ni nani mwenye fedha za kuununua?

Miaka zaidi ya elfu moja ikapita. Mwaka 1550 na 1551, katika mji wa Valladolid nchini Hispania, mtawa Bartolomé de Las Casas, aliyekuwa askofu wa Chiapas, alisimama kuwatetea wenyeji wa Marekani, na mshindani wake Sepúlveda alilishika neno lile lile la Aristoteli. Huyo Las Casas mwenyewe, alipokuwa kijana zaidi, alikuwa ameshauri Waafrika wapelekwe kufanya kazi mahali pa wenyeji wale. Baadaye aliona ya kuwa utumwa wa Waafrika ulikuwa udhalimu kama ule wa wenyeji, akaandika majuto yake katika kitabu chake cha historia. Kisha mwaka 1785 Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, akalifunga neno kama mtu afungavyo fundo: kitu chenye bei chaweza kubadilishwa kwa kitu kingine, bali mtu ana heshima isiyobadilishwa kwa kitu chochote. Hata hivyo Kant huyo huyo, katika maandiko yake mengine, aliwataja Waafrika kwa dharau. Twajifunza nini? Twajifunza ya kwamba mtu aweza kuwaza wazo kamili juu ya wanadamu wote, asiweze kumwona mwanadamu mmoja.

Shahidi wa pili ni sheria. Alikuwako mtu jina lake James Somerset, Mwafrika, aliyeletwa Uingereza na bwana wake. Alitoroka, akakamatwa, akatiwa minyororo ndani ya jahazi London ili apelekwe Jamaica akauzwe. Hakuwa na fedha wala ukoo katika mji ule. Lakini alikuwa amebatizwa, na wasimamizi wake wa ubatizo, watu 3, waliposikia kwamba amefungwa, walikwenda mahakamani wakaomba aletwe mbele ya jaji. Angalieni jambo hili, ndugu. Walikuwa watu wa kawaida, wala hawakuwa maaskofu wala wabunge. Walikuwa wamesimama pamoja naye penye maji ya ubatizo, wakaona ya kuwa kusimama huko hakukuisha siku ile. Naye Granville Sharp, mtu aliyejifundisha sheria mwenyewe ili kuwatetea watumwa, akasaidia. Tarehe 22 Juni 1772 Lord Mansfield, jaji mkuu, aliamua ya kwamba bwana hana ruhusa kwa sheria ya Uingereza kumtoa mtumwa nchini kwa nguvu, na Somerset akaachiliwa.

Lakini sheria ile ile ilikuwa na uso mwingine. Mwaka 1781, juu ya merikebu iitwayo Zong, Waafrika zaidi ya 130 walitupwa baharini wakiwa hai, kwa kisingizio cha upungufu wa maji. Wenye merikebu wakadai bima, paundi 30 kwa kila mtu. Kesi ilisikilizwa mwaka 1783, nayo haikuwa kesi ya mauaji. Ilikuwa kesi ya shehena iliyopotea, kama vile ingalikuwa ni farasi au marobota ya nguo; na jaji alikuwa huyo huyo Lord Mansfield. Baraza la kwanza liliwapa haki wenye merikebu. Baadaye iliamriwa kesi isikilizwe upya, lakini hakuna aliyeshitakiwa kwa kuua. Basi twaona ya kuwa sheria ni kama taa: huangaza pale inapoelekezwa na mkono wa mwenye kuishika. Mikono mitatu iliielekeza kwa Somerset, akaonekana kuwa mtu. Wenye merikebu wakaielekeza kwenye hasara yao, na watu 130 wakawa giza tupu.

Aliyempelekea Granville Sharp habari za Zong alikuwa Mwafrika, Olaudah Equiano, naye atuleta kwa shahidi wa tatu, ndiye kitabu. Equiano alikuwa mtumwa aliyejinunua mwenyewe mwaka 1766 kwa paundi 40, fedha alizozikusanya kidogo kidogo kwa biashara ndogo ndogo. Fikirini ajabu hii: mtu amlipa mwingine bei ya nafsi yake mwenyewe, kisha apewa hati ya kuonyesha ya kuwa sasa yu mali yake! Mwaka 1789 alitoa kitabu cha maisha yake huko London. Humo aeleza jinsi alivyokamatwa nyumbani pamoja na umbu lake wazazi wakiwa shambani, na jinsi ndugu hao wawili walivyotenganishwa. Kitabu kilichapwa mara 9 kabla hajafa. Waliokisoma walikuwa wamekwisha kusikia hesabu za watumwa, hesabu hailii. Kitabu kiliwafanya wamsikie mtoto akimlilia dada yake, na baada ya hapo haikuwa rahisi tena kusema ni shehena.

Sisi nasi tunacho kitabu cha namna hiyo katika lugha yetu. Mwaka 1875 Wamisionari wa CMS waliweka kijiji cha Freretown karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mmoja wa waliokombolewa, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kwa Kiswahili. Walimu, tunawasihi kitabu hicho kisilale kabatini. Ni jambo moja mtoto kujifunza tarehe za mikataba, ni jingine kusoma habari za watu hao zilizoandikwa na mwana wao.

Shahidi wa nne ni sanamu na picha. Mwaka 1787 mfinyanzi Mwingereza, Josiah Wedgwood, alitengeneza kijisanamu cha udongo uliochomwa, kidogo kama sarafu kubwa: Mwafrika mweusi juu ya udongo mweupe, amepiga magoti, mikono yake ina minyororo, naye auliza kama yeye si mtu na ndugu. Wanawake walikivaa mikononi na katika nywele, na kwa njia hiyo swali lile likaingia katika nyumba ambazo hotuba haziingii. Mwaka 1840 mchoraji Turner alionyesha picha ya merikebu ya watumwa katika dhoruba, na wengi hudhani ya kuwa alikumbuka Zong. Mahakama iliona shehena. Mchoraji aliona mguu wenye pingu na mikono ikizama katika maji mekundu.

Lakini sanamu ile ya Wedgwood, kwa uzuri wake wote, ina upungufu ambao yatupasa kuutaja. Mtu yule amepiga magoti, aomba. Nayo haki si sadaka. Sadaka hutolewa na mwenye nacho akipenda. Haki ni mali ya mwenyewe, na anayeizuia ameiba. Nendeni Mkunazini leo, mtaona kazi nyingine, iliyofanywa mwaka 1998 na Clara Sörnäs wa Uswidi. Watu wa jiwe wamesimama ndani ya shimo, shingoni wana minyororo, na nyuso zao zimetazama mbele. Hakuna mmoja aliyepiga magoti. Wao hawatuombi kitu. Sisi ndio tunaosimama ukingoni kama watu wenye jambo la kujibu.

Hao ndio mashahidi wanne. Kwa kazi yao pamoja, na kwa maasi na mateso ya watumwa wenyewe, sheria ziligeuka hatimaye. Bunge la Uingereza lilikataza biashara ya watumwa mwaka 1807, na mwaka 1833 likatoa sheria ya kuufuta utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake. Hata hapo bei haikukosa kutajwa: paundi milioni 20 zililipwa kwa mabwana, na watumwa hawakupewa kitu. Wala Kanisa lisijisifu. Shamba la Codrington katika kisiwa cha Barbados lilikuwa mali ya chama cha Kianglikana cha kueneza Injili, na watumwa wake walipigwa chapa ya moto kifuani yenye jina la chama hicho. Mwaka 2006 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi kwa ajili ya mambo hayo. Twayasema siku ya jubilii kwa sababu shukrani isiyo na kweli ni kelele tu.

Tarehe 10 Desemba 1948, katika mji wa Paris, Umoja wa Mataifa ulitoa Tangazo la Haki za Wanadamu. Mataifa 48 yalikubali, 8 hayakupiga kura upande wowote, wala hakuna lililokataa. Kifungu cha 4 chakataza utumwa wa namna zote. Siku ile nchi nyingi za Afrika hazikuwa na kiti katika mkutano, kwa kuwa zilikuwa zikitawaliwa na wengine. Lakini mwaka 1981, pale Nairobi, wakuu wa nchi za Afrika walipokea Mkataba wao wenyewe wa haki za watu na mataifa, nayo mahakama ya Afrika ya haki hizo imewekwa Arusha. Basi kwa sheria hatuna upungufu mkubwa. Wenye hekima wamekwisha kusema, vitabu vimeandikwa, sanamu zimesimama. Kimebaki nini?

Wazee wetu walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Tutazame nguo zetu, ndugu. Yuko binti aliyetolewa kijijini kuletwa mjini, akaambiwa atasomeshwa. Sasa huamka kabla ya jogoo na kulala baada ya watu wote, na mshahara wake, kama upo, hupelekwa kwa mjomba. Yuko mtoto anayevua usiku au kuchimba mawe machimboni, hali sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Wako dada zetu waliokwenda ng'ambo kufanya kazi za nyumbani, wakanyang'anywa pasi zao, wakawa hawawezi kurudi. Na yuko binti aliyetolewa shuleni akaozwa kwa sababu baba yake ana deni. Mahari ni heshima baina ya koo mbili; lakini ikilipa deni la baba, imegeuka kuwa bei.

Wengine watajibu: huyu tumemsaidia, maana kwao hakuna chakula. Huenda ni kweli. Lakini kumlisha mtu hakumfanyi kuwa huru. Mabwana wa zamani nao waliwalisha watumwa wao, nao walijiita wafadhili. Kwa hiyo twawapa maswali matatu, mepesi, ambayo kila nyumba yaweza kujiuliza. La kwanza: akitaka kuondoka, aweza? La pili: malipo ya kazi yake huingia mkononi mwa nani? La tatu: kama angekuwa mwanetu wa kumzaa, tungeridhika akae hivi katika nyumba ya mwingine? Jibu likituonea haya, basi tumemwekea mtu bei, hata kama tunamwita mwanetu.

Twawaomba mambo matatu. Enyi walimu, mtoto akikosekana shuleni siku nyingi, msiandike tu katika daftari la mahudhurio kwamba hayupo. Ulizeni yuko wapi na nani anamtumikisha. Enyi wazee wa kanisa na akina mama wa umoja, mtembeleapo nyumba za Wakristo, msiwasalimu wenye nyumba peke yao. Ulizeni jina la yule aliye jikoni, na kama Jumapili hupewa nafasi ya kuja kusali. Nanyi mliosimamia ubatizo, mkumbuke wale watu 3 wa London. Hawakuwa na cheo wala hawakuandika kitabu. Walijua tu jina la mtu mmoja, wakajua ya kuwa amefungwa, wakaenda kusema. Kila mmoja wetu aliyesimama penye maji ya ubatizo pamoja na mtoto wa mwingine amepewa mtu wa kumwulizia habari zake.

Haki huandikwa na wakuu katika miji mikubwa, nasi twawashukuru. Lakini huamshwa na jirani anayesema, huyu ni wetu, mfungueni. Wenye merikebu ile walikuwa na sheria na bima. Somerset alikuwa na watu.

Mungu aliyetuumba kwa mfano wake, aliyetununua si kwa fedha wala dhahabu, atupe macho ya kuwaona wale walio karibu nasi, na vinywa vya kuwasemea. Amina.